Mlango Uliachwa Wazi Makusudi: Filamu ya Hungary Iliyoanika Usanii wa Watawala

Jamaa anaitwa atoke nje. Hapigwi, hafokewi. Afisa mwenye joho jeusi anaongea naye kistaarabu kabisa, halafu anamruhusu aende zake. Mbele yake kuna uwanda mtupu, hakuna mti wala kichaka, nyasi tu mpaka macho yanapoishia. Jamaa anaanza kutembea. Anatembea, anatembea, anazidi kuwa mdogo. Ghafla mlio wa bunduki. Anaanguka. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna anayelia. Kazi inaendelea kama kawaida.

Hiyo ni Szegénylegények, filamu ya Hungary iliyotoka mwaka 1966 chini ya muongozaji Miklós Jancsó. Nje ya Hungary wengi wanaijua kwa jina la The Round-Up. Ukilitafsiri jina la Kihungaria neno kwa neno unapata "vijana masikini", lakini zamani kule ndivyo watu walivyowaita majambazi wa porini, wale waliokimbia serikali na kuishi kwa kuvizia mali za wakubwa.

Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, urefu wake kama saa moja na nusu. Hakuna staa anayeokoa watu dakika ya mwisho. Hakuna mapenzi. Lakini ukishaiangalia, kuna kitu kinabaki kichwani, hasa kama umewahi kuaminishwa jambo na mtu aliyekuwa anajua wazi kwamba anakudanganya.

Mtaani neno usanii lina maana mbili. Kuna usanii wa jukwaani, mtu anaigiza na wewe unajua anaigiza, umelipa kiingilio na unafurahi. Halafu kuna usanii wa yule anayekuzunguka, anakuchekea usoni huku anakuchimbia kaburi. Jancsó alitengeneza filamu ambayo maana hizo mbili zinakutana uwanja mmoja. Watawala ndani ya filamu hii ni waigizaji wazuri kuliko waigizaji wenyewe. Wanapanga jukwaa, wanagawa nafasi, wanajua nani aingie saa ngapi. Tatizo ni kwamba wafungwa hawajui kama wako kwenye igizo.

ILIKUWAJE MPAKA WAKAFUNGWA?

Ili uelewe, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1848 Wahungaria waliinuka dhidi ya utawala wa Austria. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Lajos Kossuth. Walipigana kweli, lakini mwaka 1849 Austria ikaomba msaada kwa mfalme wa Urusi, majeshi yakamiminika, na mapinduzi yakazimwa. Tarehe 6 Oktoba 1849 majenerali 13 wa Hungary waliuawa katika mji wa Arad. Siku hiyohiyo waziri mkuu wa kwanza wa Hungary, Lajos Batthyány, naye akapigwa risasi. Kossuth akakimbilia uhamishoni.

Sasa kulikuwa na jamaa mmoja anaitwa Sándor Rózsa. Huyu alizaliwa mwaka 1813 karibu na mji wa Szeged, na alikuwa jambazi wa porini mwenye jina kubwa. Vita vya 1848 vilipoanza, akasamehewa makosa yake na akaingia vitani na kikosi chake upande wa Kossuth. Basi kuanzia hapo wananchi wa kawaida hawakumuona tena kama mwizi tu. Akawa shujaa wa hadithi, mtu wa kusimuliwa usiku.

Mwaka 1867 mambo yakabadilika. Austria na wakubwa wa Hungary wakakaa mezani, wakakubaliana. Hungary ikapata serikali yake ya ndani, na Kaizari wa Austria akavishwa taji kama mfalme wa Hungary. Kwa matajiri ilikuwa dili safi. Kwa watu wa porini na mashambani, ilimaanisha serikali mpya inataka kusafisha nyumba. Kazi ya kusafisha akapewa mtu mmoja wa ukoo wa kikabaila, Gedeon Ráday. Wasimamizi wake wakaanza kukamata watu kwa makundi. Filamu inaanzia hapo, kwenye boma lenye kuta nyeupe katikati ya uwanda, lililojaa wakulima, wachungaji na watuhumiwa wa ujambazi.

Jambo moja la kuliweka akilini mapema ni kwamba wanaowatesa wafungwa hawa siyo wageni. Ni Wahungaria wenzao. Wanaongea lugha moja, wanajua nyimbo zilezile.

MCHEZO WA KUTAFUTA MWENYE DHAMBI KUBWA ZAIDI

Wasimamizi wanajua kwamba ndani ya boma kuna watu wa Sándor Rózsa, ila hawajui ni akina nani. Sura zote zinafanana, wote wana makoti makuukuu, wote wamenyamaza. Ungetegemea wawachape viboko mpaka waseme. Viboko vipo, ni kweli, lakini silaha yao kubwa ni nyingine kabisa, nayo ni matumaini.

Anakamatwa mfungwa mmoja, János Gajdar. Ushahidi wa mauaji unamuelemea, anakiri. Kamba ya kunyongea inamsubiri. Hapo ndipo anapewa ofa ya ajabu: akimpata humu ndani mtu aliyeua watu wengi kuliko yeye, hatanyongwa.

Tulia uitafakari hiyo ofa. Hawakumwambia awe mpelelezi. Hawakumpa hela. Wamempa hesabu tu. Idadi yako ni hii, tafuta mwenye idadi kubwa kuliko yako, utapumua. Kuanzia dakika hiyo Gajdar anatembea uani akiwaangalia wenzake kwa macho mengine. Kila uso kwake ni maisha yake. Anaanza kunyoosha kidole. Anamchoma huyu, anamchoma yule. Kila anayemchoma anageuka kuwa kipande kingine cha kazi ya wakubwa, na bado kamba yake haijaondolewa.

Katika yote hayo, wasimamizi hawana haraka. Hawapigi kelele. Wanaingia na kutoka kwenye milango, wanavaa majoho yao meusi, wanatoa amri kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Wafungwa wanavalishwa vifuniko vya kichwa na kuzungushwa uani kwa duara, hawaoni waendako. Kuna sehemu mwanamke mmoja anavuliwa nguo na kulazimishwa kupita katikati ya mistari miwili ya askari wanaomchapa, na wafungwa wanaotazama kutoka juu ya paa wanajirusha chini wafe kuliko kuendelea kuangalia. Mateso yale ni onyesho. Yamepangwa yaonekane kutoka juu, na watazamaji wamechaguliwa.

Wenzake wanapogundua kwamba Gajdar ndiye mnoko, anawakimbilia wakubwa wamlinde. Wanamrudisha kwenye chumba chake. Usiku huo milango ya baadhi ya vyumba haikufungwa.

Asubuhi Gajdar anakutwa amenyongwa.

Unaweza ukasema ulinzi ulizembea. Wapi! Mlango uliachwa wazi makusudi. Walishamaliza kumtumia, na sasa wanataka kujua nani alikuwa na ubavu wa kutoka gizani na kumuua mtu. Mwenye ubavu huo huenda ndiye wanayemtafuta. Kwa hiyo hata kifo cha msaliti ni mtego mwingine. Waliomuua walidhani wameifanyia haki kambi yao. Kumbe wamejitangaza.

SHANGWE YA MWISHO

Sehemu ya mwisho ndiyo inayouma kuliko zote. Baada ya mizunguko mingi, wafungwa wanaletewa habari kwamba kitaundwa kikosi cha wapanda farasi, na wenye uwezo wanatakiwa. Kwa watu waliokaa vyumba vya giza, kupewa farasi ni sawa na kurudishiwa mwili. Wanaonyesha walivyo wazuri. Wanaojuana wanakusanyika pamoja. Mistari inapangwa.

Halafu linasomwa tangazo. Sándor Rózsa amesamehewa na mfalme!

Shangwe inalipuka. Watu waliokuwa wamenyamaza filamu nzima wanapiga kelele za furaha, wanaimba wimbo wa Kossuth. Kwa mara ya kwanza nyuso zao zinafunguka. Na kwa kufunguka huko, kila mtu anaonekana ni wa nani.

Msomaji wa tangazo hajamaliza. Anaendelea kusoma. Rózsa amesamehewa, lakini waliokuwa chini yake watapata adhabu wanayostahili. Vifuniko vinashuka vichwani. Filamu imeisha.

Rózsa mwenyewe haonekani hata mara moja kwenye filamu yote. Watu wamesalitiana, wameuana, wameshangilia, yote kwa jina la mtu ambaye hayupo. Na wengi wa wale waliofunikwa vichwa hatuyajui hata majina yao.

Kwenye historia yenyewe, maisha ya Rózsa yalikuwa na mizunguko yake. Mwaka 1857 alikamatwa baada ya kusalitiwa na mtu wake wa karibu. Mwaka 1868 akaachiwa kwa msamaha, akarudi kwenye ujambazi, na mwaka 1869 akatiwa mbaroni na watu wa Ráday. Mwaka 1872 alihukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akafia gerezani mwaka 1878. Tangazo la mwisho la filamu ni ubunifu wa Jancsó na mwandishi wake Gyula Hernádi. Ila usidhani hawakuwa na pa kulitoa.

MWAKA 1956: IGIZO LENYEWE LILITOKEA

Miaka kumi tu kabla ya filamu kutoka, Hungary ilikuwa imepitia mapinduzi mengine. Yalianza tarehe 23 Oktoba 1956, safari hii dhidi ya utawala wa kikomunisti uliokuwa ukisimamiwa na Moscow. Imre Nagy akawa waziri mkuu, akatangaza nchi inajitoa kwenye muungano wa kijeshi wa Warsaw. Mmoja wa watu wake serikalini alikuwa János Kádár. Tarehe 1 Novemba hotuba ya Kádár ikasikika redioni, akiyasifu mapinduzi. Usiku uleule akatoweka Budapest. Aliporudi alikuwa kiongozi wa serikali mpya, nyuma ya vifaru vya Urusi.

Jenerali Pál Maléter, waziri wa ulinzi, usiku wa tarehe 3 Novemba alialikwa kwenye kambi ya jeshi la Urusi pale Tököl kujadili namna majeshi yao yatakavyoondoka nchini. Akiwa mezani kwenye mazungumzo, akakamatwa. Alfajiri ya tarehe 4 vifaru vikaingia Budapest.

Nagy na wenzake wakakimbilia ubalozi wa Yugoslavia. Wakakaa humo zaidi ya wiki mbili. Kádár akatoa ahadi kwa maandishi kwamba wakitoka hawatadhuriwa, warudi majumbani kwao kwa amani. Tarehe 22 Novemba wakatoka, wakapanda basi. Basi halikuwapeleka nyumbani. Walichukuliwa na Warusi, wakasafirishwa mpaka Romania. Tarehe 16 Juni 1958 Nagy na Maléter walinyongwa Budapest baada ya kesi ya siri.

Sasa rudi kwenye filamu. Mtu anaambiwa aende, halafu risasi. Mlango unaachwa wazi, halafu mtego. Tangazo la msamaha, halafu vifuniko vya kichwa. Mhungaria aliyekaa ukumbini mwaka 1966 hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa anamjua mtu, au mtoto wa mtu, aliyepanda basi la namna hiyo.

KIAPO CHA CANNES

Swali linakuja: serikali ya Kádár iliiruhusuje filamu kama hii?

Jibu ni kwamba Jancsó naye alifanya usanii wake. Alisema ni filamu ya historia. Mambo ya mwaka 1869, majambazi, farasi, mabeberu wa Austria. Katika nchi ya kikomunisti, nani atakataa filamu inayoponda makabaila? Filamu ilipopelekwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 1966, alitakiwa kutamka hadharani kwamba haihusiani na matukio ya karibuni nchini mwake. Akatamka. Baadaye alieleza kwamba kila mtu alijua siyo kweli.

Waliomtaka aseme walijua ni uongo. Yeye alijua ni uongo. Waliosikiliza walijua ni uongo. Lakini kila mmoja alicheza nafasi yake, na filamu ikaonyeshwa. Tofauti na ule uongo wa kwenye boma, huu haukumuua mtu.

Ila usifikiri lilikuwa jambo jepesi. Msanii anayeishi kwa kuficha maana anategemea huruma ya mtu mmoja ofisini asikasirike. Mwaka uliofuata alitoa Csillagosok, katonák, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Warusi kuadhimisha miaka 50 ya mapinduzi ya Oktoba. Warusi walitaka mashujaa. Wakaletewa vita ambayo leo huyu anamuua yule, kesho yule anamuua huyu, na huwezi kujua nani mshindi. Urusi hawakuipokea kama alivyoitengeneza.

DANSI INAYOGEUKA KUWA MZINGO

Kadiri miaka ilivyokwenda, filamu za Jancsó zilizidi kufanana na jukwaa la wazi. Kamera haikati, inazunguka na watu kwa dakika nyingi bila kupumzika. Watu wanaimba, wanacheza, farasi wanapita nyuma yao. Mwaka 1974 alitoa Szerelmem, Elektra, filamu ya dakika 70 hivi iliyopigwa kwa vipande 12 tu. Hesabu muvi yoyote ya mapigano unayoipenda, vipande 12 vinaisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Elektra ni hadithi ya kale ya Ugiriki. Baba ameuawa, muuaji amekaa kwenye kiti, na watu wanatakiwa kusherehekea kwamba maisha ni mazuri. Binti anakataa kusahau. Mtawala hahangaiki sana na maadui wake, anahangaika na yule mmoja asiyecheka wakati wote wanacheka.

Miaka miwili kabla, mwaka 1972, alitoa Még kér a nép, iliyompa tuzo ya muongozaji bora Cannes. Inahusu wakulima wasio na ardhi waliogoma mwishoni mwa karne ya 19. Kuna sehemu askari wanaweka ukali pembeni, wanaingia kucheza na wakulima. Muziki unapigwa, wasichana wanashikana mikono na askari, unaanza kuamini kwamba wamekuwa kitu kimoja. Polepole askari wanajitoa kwenye dansi. Wanarudi nyuma, wanapanga duara pana kuwazunguka wachezaji. Halafu wanafyatua risasi.

Ni mbinu ileile ya boma, safari hii na ngoma juu yake.

Na mwaka 1981 akaja na A zsarnok szíve, yaani moyo wa dhalimu. Hapa mwana wa mtawala anarudi Hungary kutoka Italia akiwa na kundi la waigizaji, karne ya 15. Anakuta baba yake amekufa na kila mtu ana maelezo yake. Anaambiwa hivi, anaambiwa vile, na kila ukweli anaoushika unayeyuka mkononi. Jumba zima ni jukwaa. Kijana aliyekuja na waigizaji anagundua kwamba waigizaji wa kweli walikuwa humo ndani kabla yake, na kugundua huko hakumsaidii kitu.

JENEZA LA SITA

Tarehe 16 Juni 1989, miaka 31 kamili baada ya kunyongwa, Imre Nagy alizikwa upya kwa heshima. Umati mkubwa ulijaa Uwanja wa Mashujaa, Budapest. Yaliwekwa majeneza sita. Matano yalikuwa ya Nagy na wenzake wanaojulikana. La sita lilikuwa tupu. Lilikuwa la wale wote waliopigana na kufa mwaka 1956 bila majina yao kutajwa popote.

Tarehe 6 Julai mwaka huohuo mahakama kuu ilikaa na kumsafisha Nagy na makosa yote aliyonyongewa. Siku hiyohiyo, habari ikaingia mahakamani kwamba János Kádár amefariki.

Jancsó aliishi mpaka mwaka 2014, akafa akiwa na miaka 92. Alikuwa ameziona serikali zikija na kuondoka, kila moja na tangazo lake la kusomwa.

Kinachofanya Szegénylegények iendelee kuuma siyo viboko wala kamba. Ni kwamba wakubwa wa boma hawakuleta usaliti kutoka nje. Walimkuta mtu anataka kuishi, wakamwonyesha mwenzake. Wakawakuta watu wanataka kufurahi, wakawapa habari njema. Vitu vizuri kabisa ndani ya binadamu ndivyo vilivyotumika kama kamba.

Ni rahisi kumlaani Gajdar ukiwa umekaa kwenye kochi. Lakini mvue ujambazi wake, mweke uani, kitanzi kinaning'inia, na afisa mpole anamwambia kuna njia moja tu. Wewe ungenyamaza? Na pale wanaposoma tangazo la msamaha, wote wanaruka na kuimba, ungeweza kusimama kimya usubiri sentensi ya pili?